Moto wa Mwezi wa Sita

Moshi wa mwezi wa sita haunuki kama moshi wa mwezi wa tisa. Ukitaka kunibishia, kaa kitako kwanza nikueleze. Moshi wa mwezi wa sita ni mzito, una ubichi ndani yake, unanuka kama mboga iliyoungulia chunguni. Unatambaa chini, unaingia kwenye nguo, na ukifua mara mbili bado umo. Moshi wa mwezi wa tisa ni mkavu na mkali, unakwenda moja kwa moja kooni, na mwili unaujua kabla ya akili. Mimi nimefundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, na sasa naishi Runzewe karibu na stendi, ambako harufu ninayoamka nayo ni ya dizeli na mafuta ya chipsi. Lakini ikifika katikati ya mwaka pua yangu inahama. Inarudi Namwele, ukingoni mwa mto, ndani ya msitu wa hifadhi, mahali nilipozaliwa miaka ya sitini na ambapo leo hutapaona kwenye ramani yoyote.

Namwele ilikuwa na nyumba kumi na mbili. Sisi ni Wasumbwa, Wakatoliki, wakulima wa muhogo na karanga, ila kazi tuliyojivunia ilikuwa nyuki. Msitu ule ulikuwa mali ya serikali tangu kabla sijazaliwa. Miti ya mpakani ilipakwa chokaa, na wazee waliruhusiwa kubaki ndani kwa masharti: usikate mti mbichi, usipanue shamba, usimkaribishe mgeni akajenga. Ruhusa hiyo ilikuwa karatasi moja yenye mhuri, na Baba, aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi (zile mbili za ziada hakuna aliyeziuliza), aliitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kenchi. Wenzetu wa vitongoji vya jirani walikwishahamishiwa kijijini barabarani, wamepangwa kwa mistari, nyumba na nyumba. Sisi tulibaki mtoni kwa sababu ya lile kopo. Hata watoto tulijua kwamba karatasi ile ikifutwa, tumekwisha.

Na tulikuwa na cha kupoteza, msione hivi! Kando ya mto miti ilikuwa minene, imefungamana juu kiasi kwamba saa sita mchana ulitembea kwenye kivuli kizito, na mbega walikuangalia kutoka huko juu kama walioudhiwa na kelele zako. Wakati wa kiangazi mto ulikatika ukabaki vidimbwi, na mama zetu waliingia na migono, ile mitego ya kusuka, wakatoa kambare wenye sharubu ndefu kuliko za katekista. Nyuki walikunywa maji kwenye mchanga uleule tuliochotea sisi. Ulijifunza kuweka ndoo polepole. Mizinga ya magogo ilining'inia juu ya mininga na mitundu kwenye kingo zote mbili, na kila mzinga ulikuwa na alama ya mwenyewe iliyochomwa kwa chuma. Asali ilirudi nyumbani ndani ya vilindo, vile vyombo vya gome la mti, na nta ilikwenda misheni kutengeneza mishumaa. Siku ya Pasaka, kanisa zima likiwa kimya, mimi nilikuwa namnong'oneza dada aliyekaa jirani, "Ule mshumaa mkubwa ni nyuki wetu." Mama alinifinya, lakini nilimwona naye anaukodolea macho.

Mlinzi wa yote hayo alikuwa mama yake Baba, Bibi Nyanzala. Alikuwa mfupi, mkavu, mjane wa siku nyingi, na alikuwa na mdomo. Kwetu moto wa msitu ulikuwa kazi ya wanawake, na mwenye moto alikuwa yeye, kama mama mkwe wake kabla yake. Kila mwaka mvua zikishakatika alianza kwenda ukingoni alfajiri, akachuma bua moja la nyasi ndefu, akalikunja. Bua likipinda tu, alisema, "Bado." Likikatika kwa mlio lakini vipande viwili vikabaki vimeshikana kwa nyuzi, alisema, "Leo." Likikatika na kuachana kabisa, basi mmechelewa, nendeni mkasali. Watu wazima wenye ndevu zao waliamka kila asubuhi kumuuliza mwanamke yule neno moja tu, na yeye hakuongeza la pili.

Siku aliyosema "Leo," mioto ya nyumba zote ilizimwa. Alasiri jua likianza kupoa, makaa yalichukuliwa kwenye jiko la Bibi peke yake, yakatiwa ndani ya kigae cha chungu kilichovunjika, na msichana ambaye bado hajavunja ungo aliyabeba mbele, wanawake wakimfuata na matawi mabichi. Walikwenda wakichoma vipande vipande kuuzunguka msitu wa mto. Moto ule ulikuwa mfupi, haukuzidi magoti. Ulilamba nyasi zilizokauka ukaziacha zile mbichi, umande ukishuka ukajifia wenyewe. Kiangazi kilipokolea na moto mkubwa ukitokea huko nje, ulifika kwenye vile vipande vyeusi ukakosa chakula. Usiku huo kila nyumba ilikuja kuomba moto kwa Bibi ili ipike. Binamu yangu Tabu alibeba kigae mwaka mmoja kabla yangu, na alinisimanga nacho mwaka mzima. Mwaka uliofuata ulikuwa zamu yangu. Nilikuwa na miaka kumi, na mkono wangu wa kulia niliufanyisha mazoezi kwa kubeba kigae chenye mawe.

Basi mwaka huohuo tukaletewa Bwana Misitu mpya. Alikuwa kijana, ametoka chuoni, mtu wa mbali huko kusini, amevaa kaki zilizopigwa pasi hata mikunjo yake ingekata ugali. Alikuja na pikipiki mwezi wa tano, akasalimia vizuri, siwezi kumsingizia: kila mzee alipata shikamoo yake. Kisha akasimama uani kwetu akasoma amri. Kuanzia siku hiyo ni marufuku kuwasha moto ndani ya hifadhi, wa aina yoyote, kwa sababu yoyote. Bibi akauliza akiwa ameketi, "Hata wa kupikia?" Wa kupikia ruhusa, ndani ya nyumba. Bibi akamweleza habari za bua na mwezi wa sita. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, halafu akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Bibi, moto ni moto. Msitu haulindwi kwa kuuchoma." Akamgeukia Baba. Moto ukionekana katika msitu wa mto mwaka huu, alisema, nani kauwasha hatauliza. Kibali kitafutwa, na Namwele itahamia barabarani kabla ya mvua.

Wewe unayesoma utadhani tulimpuuza. Ng'o! Huwajui Wasumbwa na amri. Baba alikuwa mtu wa kutii hadi anaudhi. Ukimwambia subiri hapa, ukisahau kumrudia utamkuta. Akatangaza nyumba zote kumi na mbili: hakuna moto nje ya nyumba. Mwezi wa sita ukaingia, bua la Bibi likakatika kwa mlio na nyuzi zikabaki, na Bibi akasema "Leo" kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. Hakuna aliyezima jiko. Baba alikaa mlangoni, kichwa chini, akasema, "Mama, amri ni amri." Mimi nilitoka na kigae changu nikakitupa mtoni, halafu nikaingia majini kukitafuta kwa sababu nilijuta. Nililia siku ile kwa hasira, si kwa huzuni, na hadi leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Kilichofuata kinatuchekesha hadi leo tukikutana misibani. Mwezi wa saba ni wakati wa kurina asali, na kurina kunataka moshi. Hata mtoto anajua. Lakini mwenge wa kufukizia nyuki ni moto, na moto nje ya nyumba umekatazwa. Wanaume wa Namwele, watu wazima, wakapanda miti bila moshi! Tuliwasikia kutoka nyumbani. Baba alirudi uso umeumuka kama andazi, macho hayaonekani, midomo imepinda, na kilindo chake kina asali ya kujaza bakuli moja. Mama alikuwa anamng'oa miiba huku anajizuia kucheka, na akashindwa. Bibi hakucheka. Aliketi mbele ya mwanawe akamwambia, "Nilizaa mtu au nilizaa karatasi?" Baba akajibu kwa midomo ile iliyovimba kwamba karatasi ndiyo inayotuweka hapa. Na alikuwa na haki yake, nasema hivyo sasa nikiwa mtu mzima. Siku mbili alilishwa uji kwa kijiko.

Mwezi wa nane nyasi ziliyumba zikiwa zimepauka, ndefu kuliko mtu, zimetuzunguka pande zote, mahali ambapo miaka yote pangekuwa na vipande vyeusi vilivyokwishaota majani mapya. Bibi aliendelea kwenda ukingoni alfajiri. Alikunja bua, likaachana, akavitupa vipande viwili bila kusema kitu. Nilianza kuogopa pale alipoacha kugomba, kwa sababu Bibi Nyanzala akinyamaza ujue hali ni mbaya. Mama na wanawake wengine walianza kufagia ukanda wa ardhi kati ya nyasi na miti ya mto, wakilima na kukwangua hadi udongo ukaonekana. Kufagia hakukukatazwa na mtu. Ukanda ulikuwa na upana wa hatua tatu, na moto wa mwezi wa tisa unaruka hatua thelathini.

Ulikuja mwezi wa tisa, saa nane mchana. Sisi watoto tulikuwa kwenye kidimbwi tukakohoa, kisha tukaona mwewe wengi angani wakizungukia sehemu moja, wakiwinda panzi wanaokimbia. Halafu ndipo tukausikia. Ulikuwa unavuma. Ulitoka upande wa jua kuchwea, upepo ukiwa nyuma yake, na hatukuwahi kujua nani aliuwasha. Pengine wawindaji, pengine mtu na sigara yake. Mizinga ya ng'ambo ya mbali ilishika kwanza. Tuliiona ikianguka na minyororo ya cheche, na nyuki wakatoka kwa wingi wakapita juu yetu bila kumgusa mtu. Baba alikuwa na mizinga kumi na minane kule, mingine aliachiwa na baba yake. Alisimama akiitazama, tawi mkononi, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi mbele yetu. Moto ulikuwa umebakiza mbuga moja tu ya nyasi kabla ya kuzunguka bonde la mto na kuingia upande wetu, kwenye miti minene, kwenye mizinga iliyobaki, na kwenye nyumba.

Pikipiki ikatokea. Bwana Misitu aliona moshi kutoka barabarani, akaja peke yake, zile kaki zimejaa vumbi. Akatupa pikipiki chini akaanza kupiga kelele kwamba tuchukue matawi tupige moto. Tukapiga. Ni sawa na kuupiga upepo. Nyusi zake ziliungua palepale, na dakika chache baadaye alikuwa anarudi nyuma kama sisi sote. Ndipo Bibi akaniita. "Kabula! Lete kigae."

Nilikimbia. Sikuuliza. Nilichota makaa kwenye jiko lake, nikayatia kwenye kigae kilekile nilichokiokoa mtoni, na nikarudi nikitembea, kwa sababu mbeba moto hakimbii. Mkono uliniungua na sikuubadilisha. Wanawake walikuwa wamekwishajipanga kwenye ule ukanda uliofagiwa, kila mmoja na tawi lake bichi, bila kuambiwa na mtu. Wote walijua kilichobaki: dawa ya moto ni moto. Uwashe wako kwenye ukanda, nyuma yako pamefagiwa, nao utakwenda mbele kuupokea ule mkubwa, ikutane, ikose chakula yote miwili. Bibi alishika mwenge wa nyasi, akauingiza kwenye makaa yangu ukashika. Nikadhani atawasha. Badala yake akamgeukia Bwana Misitu, akamnyooshea.

"Washa," akasema.

Kijana hakuelewa. Alitazama mwenge, akatazama moto unaokuja. "Bibi, washa wewe! Unangoja nini?"

"Mimi nimekatazwa," Bibi akasema. Hakupandisha sauti, ilibidi tusogee kumsikia. "Nikiwasha mimi, kesho utaandika kwamba Bibi Nyanzala kachoma msitu wa serikali, na hawa watalala barabarani. Wewe ndiye serikali. Washa wewe, uandike mwenyewe."

Baba akasema, "Mama, tafadhali." Bibi hakumwangalia hata kidogo. Mwenge ulikuwa unakwisha mkononi mwake. Nilimwona Bwana Misitu akifikiria chuo chake, mabwana zake wakubwa, kaki zake, yote kwa pamoja. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu tu, maskini ya Mungu. Kisha akaupokea. "Wapi?" akauliza. Na Bibi, hapohapo, bila dharau yoyote, akaanza kumfundisha. Hapa. Inamisha. Usikae mahali pamoja, tembea nao. Mimi nilitembea mbele yao na kigae, mwenge ukiisha anawasha mwingine kwenye makaa yangu, wanawake nyuma wakizima kila cheche iliyotaka kuvuka. Moto wetu ulisitasita kwanza, ukajikunja kuelekea kwetu, nikadhani tumejiua. Kisha ule mkubwa ukaanza kuvuta hewa, na wetu ukageuka ukakimbia kuufuata. Ilipokutana ilipanda juu ikavuma mara moja, halafu pakawa kimya kiasi kwamba tulisikia chura kidimbwini.

Miti ya mto ilisimama yote upande wetu. Nyumba kumi na mbili zilisimama. Bwana Misitu aliketi chini kwenye majivu, hana nyusi, na Mama akamletea maji na kipande cha sega ndani ya bakuli, kwa sababu mgeni ni mgeni. Alikula. Akatoa daftari lake, akaandika, akampa Baba alisome kwa sauti ili watu wote wasikie. Baba alisoma polepole: moto ulitoka nje ya hifadhi, ulizuiwa kwa moto mwingine uliowashwa na mimi mwenyewe, kwa maelekezo ya mama wa kitongoji cha Namwele. Bibi akataka jina lake liandikwe. Akasema "mama wa kitongoji" wako wengi. Kijana akacheka, akalichukua daftari, akaandika jina. Kibali kikabaki kwenye kopo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano haujaisha, tukasikia pikipiki alfajiri. Bwana Misitu aliiacha mbali ili asisumbue, akaja kwa miguu hadi ukingoni, akamkuta Bibi na bua lake. "Shikamoo, Bibi. Vipi?" Akajibiwa, "Marahaba. Bado." Akarudi zake barabarani. Alikuja hivyo mara nne, mwendo wa saa nzima kila mara, kusikia neno moja kama sisi wote. Mara ya tano Bibi akasema "Leo," na alasiri ile nikabeba kigae kwa haki yangu, katika mwezi wake, mkono wa kulia ukiwa na kovu ambalo Tabu hakuwa nalo. Yeye alitembea nyuma yetu na tawi bichi kama mwanamke yeyote wa Namwele. Tulipomaliza alimshika Bibi mikono yote miwili akasema, "Wabeja sana," yaani asante ya kwetu, kwa lafudhi mbaya ajabu, na watu wakashangilia.

Tulihama baadaye, lakini tulihama wenyewe, familia moja moja, kwa ajili ya shule na zahanati, hakuna aliyetufukuza. Bibi alifariki akiwa ametufundisha bua wajukuu wote wa kike. Leo ng'ambo ile iliyoungua imechimbwa mashimo ya dhahabu. Miti iliyojitahidi kuota tena ilikatwa ikawa matimba, yale magogo ambayo wachimbaji hushikizia kuta za mashimo yao, na maji ya upande ule yana rangi ya chai ya maziwa. Siwalaumu vijana, mwanangu mmoja amesomeshwa na mume wangu kwa dhahabu hiyohiyo. Lakini upande wetu bado ni msitu. Ukisimama darajani unaona mstari uleule ambapo moto wa Bibi na moto wa mwezi wa tisa ilikutana, kijani huku, udongo kule, na kila ninapopita na basi humwonyesha abiria wa jirani, atake asitake.

Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa tano, gari la misitu lilisimama mlangoni kwangu. Akashuka binti, mhifadhi, sare safi, akanipigia shikamoo kwa kupiga goti. Akasema katika majalada ya zamani kuna taarifa inayomtaja Nyanzala wa Namwele, na kwamba aliambiwa mjukuu wake yuko Runzewe. Walikuwa wamepanga kufanya siku ile uchomaji wa mapema, ule wa kabla kiangazi hakijakolea. Vijana kumi na mitungi yao ya kuwashia moto walikuwa wananisubiri ndani ya gari. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Tulipofika ukingoni nilishuka peke yangu, nikachuma bua moja la nyasi, nikalikunja. Lilipinda. Nyuma yangu yule binti akauliza kwa heshima, "Mama, tuwashe?"

"Bado," nikasema.

Wakageuza gari.